Msitu wa Kakamega: mwelekezi atuonyeshe gome, si kima pekee

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie namna tunavyowatembeza wageni na wanafunzi ndani ya msitu wa Kakamega. Nimekuwa mwalimu katika eneo la Shinyalu kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, nami nimeingia msituni na makundi mengi ya watoto, mara nyingine tukiwa na mwelekezi na mara nyingine tukiwa peke yetu. Ninaloamini ni kwamba matembezi haya yataulinda msitu pale tu yatakapoonyesha waziwazi jinsi binadamu anavyoutumia, na pale anayeyaongoza atakapokuwa jirani wa msitu anayelipwa kwa ujuzi wake.

Msitu huu ndio kipande pekee kilichobaki nchini Kenya cha msitu wa mvua wa aina inayopatikana Kongo na Afrika Magharibi. Upande wa kaskazini, Buyangu, unasimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, na upande wa kusini, Isecheno, uko chini ya Shirika la Huduma za Misitu. Mgeni anayefika upande wowote kati ya hizo mbili huulizia wanyama kwanza. Anataka kumwona mbega, hondohondo na kulukulu mkubwa wa buluu, na akiwa na bahati afike Kisere, kipande kidogo cha msitu upande wa kaskazini, amwone kima wa De Brazza mwenye ndevu nyeupe. Waelekezi wetu wanawajua viumbe hao kwa sauti kabla ya kuwaona, na sina neno la kupunguza katika ujuzi huo. Hata hivyo, mgeni akishapiga picha na kupanda kilima cha Lirhanda kutazama majani yanavyotandaa hadi upeo wa macho, huondoka akidhani kwamba msitu ni mahali pa wanyama ambapo watu hawana kazi. Watoto wetu pia huondoka na wazo hilohilo, ilhali wengi wao wamelelewa kwa kuni, dawa na asali vilivyotoka humo humo.

Nataka kutoa mfano wa mbali, kwa sababu umenisaidia sana kulifikiria jambo hili. Huko Ureno, hasa katika jimbo la Alentejo, ipo misitu ya mialoni ambayo gome lake hutengenezewa vizibo vya chupa za mvinyo. Mti huo humea pia Uhispania, Moroko, Aljeria, Tunisia, kusini mwa Ufaransa na katika kisiwa cha Sardinia, lakini Ureno pekee hutoa karibu nusu ya gome lote linalouzwa duniani. Wageni hutembezwa kwa miguu katika misitu hiyo, na jambo la kwanza linalowashangaza ni kuona tarakimu moja kubwa imepakwa rangi kwenye shina la kila mti. Tarakimu hiyo ni ya mwisho ya mwaka ambao mti ulichunwa. Mti ulioandikwa 4 ulichunwa mwaka wa 2024, na hautaguswa tena hadi 2033, kwa kuwa sheria ya nchi hiyo inataka miaka isiyopungua 9 ipite kati ya mchuno mmoja na mwingine.

Kutokana na tarakimu hiyo moja mwelekezi anaweza kueleza mambo mengi. Mwaloni huo huchunwa mara ya kwanza ukiwa na umri wa miaka 25 hivi, na gome la awali ni gumu na limepasukapasuka, halifai kwa vizibo. La pili nalo bado halijafikia ubora unaotakiwa. Ni mchuno wa tatu, mti ukiwa umepita miaka 40, ndio unaotoa kizibo kizuri, kumaanisha kwamba anayeupanda leo anawapandia wanawe na wajukuu. Kazi ya kuchuna hufanywa wakati wa kiangazi chao, kuanzia mwisho wa Mei hadi Agosti, kwa shoka maalumu na mikono iliyozoea, kwa sababu shoka likizama hadi tabaka hai lililo ndani mti hupata jeraha ambalo huenda lisipone sawasawa. Wachunaji hao ni miongoni mwa vibarua wa shambani wanaolipwa vizuri zaidi nchini mwao. Kuukata mti wenyewe bila kibali ni kosa la kisheria, na mwaka wa 2011 bunge la Ureno liliutangaza kuwa mti wa taifa. Mgeni anayesikia hayo yote huku ameweka kiganja chake juu ya shina lililochunwa, ambalo huwa jekundu kabla ya kugeuka jeusi kadiri miaka inavyopita, anaelewa kwa nini msitu huo bado upo: upo kwa sababu watu wanapata riziki kutokana nao, na riziki hiyo ina kipimo.

Siandiki haya ili tuige kila kitu. Misitu hiyo ya Ureno kwa sehemu kubwa ni mali ya watu binafsi, miti yake imeachana nafasi na mifugo hulishwa chini yake, wakati msitu wetu ni mali ya umma, umefungamana, na unapaswa kubaki hivyo. Ninachokitamani ni ule ujasiri wa kumwonyesha mgeni jeraha la mti na kumweleza limetoka wapi.

Majeraha hayo sisi tunayo. Katika njia nyingi za Isecheno utakuta mwiritsa, ambao wataalamu huuita Prunus africana, ukiwa umebanduliwa gome. Wazee wetu walilitumia gome hilo kwa maradhi mengi, na kwa miaka mingi sasa viwanda vya dawa vya Ulaya vimelinunua kutoka nchi mbalimbali za Afrika kwa ajili ya wanaume wenye uvimbe wa tezi dume. Biashara hiyo ilipoanza kuumaliza mti huu, mataifa yalikubaliana kuidhibiti kupitia mkataba wa kimataifa wa viumbe vilivyo hatarini, na mwiritsa umo katika orodha ya mkataba huo tangu 1995. Sasa, mtoto wa darasa la saba akiuliza kwa nini mwaloni wa Ureno huchunwa ukaendelea kuishi karne mbili, na mwiritsa wetu ukichunwa pande zote hukauka, jibu linatosha kuwa somo zima la sayansi. Mwaloni huvuliwa tabaka la nje lililokwisha kufa, na tabaka hai hubaki likitengeneza jingine. Mwiritsa huvuliwa gome hai lenyewe, ambalo hushusha chakula kutoka majani hadi mizizi, na likikatwa kuuzunguka mti ni kama kumkaba mtu koo. Kule Kamerun walifundishwa kuchukua robo mbili tu za gome zinazokabiliana, kwenye miti iliyokomaa, kisha kuuacha mti upumzike kwa miaka kadhaa. Somo hilo halifundishiki kwenye ubao. Linahitaji mti ulioumia, mti mzima karibu yake, na mtu anayejua ni nini kilichotokea.

Vivyo hivyo kwa mukombero, mmea utambaao ambao mizizi yake hutafunwa. Wasafiri wanaopita Kakamega na Kisumu huuziwa mizizi hiyo iliyofungwa vifurushi vidogo, wakaitafuna njiani, lakini ni wachache waliowahi kuuona ukitambaa juu ya mti. Mwenye pupa huchimba mzizi wote na mmea ukafa. Mwenye busara huacha sehemu, au huupanda shambani kwake. Wapo wakulima waliofanya hivyo, kama ilivyo pia kwa kikundi cha Muliru kando ya msitu, ambacho kilianza kulima mrihani wa dawa uliokuwa ukichumwa msituni, kikaugeuza kuwa dawa ya kuchua iitwayo Naturub, na mwaka wa 2010 kikapata tuzo ya kimataifa ya Equator. Nimewasikiliza wageni wengi waliotembea nusu siku katika msitu huu, na hakuna hata mmoja aliyeniambia kwamba alipelekwa kuona shamba la mrihani huo, ingawa liko nje tu ya mipaka ya msitu. Kwangu mimi hiyo ni hasara kubwa, kwani pale ndipo mgeni angeona kwa macho yake jinsi mmea unavyoweza kuleta pesa bila msitu kuguswa.

Kuhusu malipo nitasema kwa ufupi lakini kwa uzito. Waelekezi wengi ninaowafahamu hawana mshahara wala hakika ya mapato. Hutegemea siku ambayo mgeni amekuja na moyo wake umekuwa mkunjufu. Wakati huohuo nimeona mabasi ya shule yakifika, walimu wakalipia kiingilio, kisha wakawaongoza watoto wenyewe ili kuokoa ada ya mwelekezi, na mimi nimewahi kuwa pamoja na makundi ya namna hiyo. Watoto hukimbia, hupiga kelele, hurushia kima mikate, na mchana ukiisha hakuna aliyejifunza jina la mti hata mmoja. Sheria ya Misitu ya 2016 inazitambua jumuiya za misitu na kuziruhusu kushiriki katika usimamizi na kunufaika na shughuli kama utalii. Basi kiasi cha kila kiingilio kinachokwenda kwa jumuiya, na kinachomfikia mwelekezi, kibandikwe langoni ambapo kila mtu atakisoma, mwanakijiji na mgeni vilevile. Jirani anayejua kwamba ada ya jana ilimlipia mwana wa mwenzake karo hatamfumbia macho mwenye panga anayeingia usiku.

Ninaziomba serikali ya kaunti na mashirika yote mawili yanayosimamia msitu yafanye mambo machache yasiyohitaji fedha nyingi. Kundi lolote la wanafunzi lisiruhusiwe kupita lango bila mwelekezi aliyesajiliwa, na ada yake kwa shule za umma iwe ndogo, pengo likizibwa na ada ya wageni kutoka nje. Waganga wa mitishamba, warina asali na wakulima wa mukombero wa vijiji jirani waalikwe kuwafundisha waelekezi, nao walipwe kwa kufundisha. Njia moja kati ya zilizopo Isecheno itengwe kwa ajili ya miti na matumizi yake, ianzie chini ya mwiritsa uliobanduliwa na kuishia kwenye shamba la mkulima nje ya msitu.

Tena, kwa wale wakulima wanaopanda mwiritsa kwenye mashamba yao wenyewe, na idadi yao inafaa kuongezwa kwa miche kutoka vitalu vya serikali, tuige lile la Ureno lisilo na gharama: kila mti utakapochukuliwa sehemu ya gome, shina lipakwe tarakimu ya mwaka huo kwa rangi nyeupe. Mnunuzi ataisoma, afisa wa misitu ataisoma, na mtoto anayepita na mwelekezi atauliza maana yake. Miche ikipandwa mvua za masika zijazo, itatubidi tungoje miaka mingi kabla ya kuandika tarakimu ya kwanza, na muda huo unatosha kabisa kuwaandaa waelekezi watakaoieleza.

Mwalimu mstaafu,
Shinyalu, Kakamega