Salamu za Krismasi kutoka Boston

Wapendwa ndugu, jamaa na marafiki,

Nawasalimu nyote, popote mlipo, katika msimu huu wa Krismasi na wa kuukaribisha mwaka mpya. Huku Boston baridi imeshika na jua linatuaga saa kumi na robo jioni. Kila Desemba mawazo yangu hurudi kwenye jumba la matofali lililo kwenye pembe ya mitaa ya Washington na Milk, liitwalo Old South Meeting House.

Jumba hili lilijengwa kama kanisa mwaka 1729 na Wapuritani, Waprotestanti wenye msimamo mkali, ambao hawakuiadhimisha Krismasi hata kidogo. Sheria ya koloni la Massachusetts ya mwaka 1659 ilimtoza shilingi 5 kila aliyethubutu kuisherehekea, na ingawa ilifutwa mwaka 1681, mazoea yenyewe yalidumu kwa vizazi kadhaa. Basi salamu zangu zinatoka kwenye mlango ambao zamani zile usingezipokea.

Wengi hulijua jumba hili kwa sababu ya mkutano wa tarehe 16 Desemba 1773, uliomalizika kwa makasha 342 ya chai kumwagwa baharini kupinga kodi ya Uingereza, iliyolitawala koloni hili. Mimi hulikumbuka zaidi kwa alasiri ya tarehe 6 Machi 1770. Askari wa Uingereza walikuwa wametua mjini tangu Oktoba 1768, wakazi wakiwa kama 16,000 tu. Walinzi waliwasimamisha wapita njia usiku, na askari waliomaliza zamu waligombania kazi za kibarua na wenyeji. Usiku wa tarehe 5 Machi walifyatua risasi katikati ya umati, wakafa watu watano, akiwamo Crispus Attucks, mtu mwenye asili ya Afrika na ya wenyeji wa Amerika. Kesho yake wananchi walikusanyika Faneuil Hall, ukumbi wa mikutano ya mji, pakafurika, wakahamia Old South. Kaimu gavana Thomas Hutchinson aliwaambia wajumbe wao, waliodai askari waondoke mjini, kwamba angekiondoa kikosi cha 29 peke yake. Samuel Adams, kiongozi wa wapinzani wa utawala wa Uingereza, na wenzake walipoleta jibu hilo, umati ulishikilia kwamba viondoke vyote viwili, cha 29 na cha 14. Kabla siku haijaisha Hutchinson alikubali, na baada ya muda vikosi vyote viwili vikahamishiwa kwenye ngome ya Castle William, kisiwani bandarini. Mwenye bunduki aliondoshwa na watu waliokuwa wamebanana kwenye mabenchi ya kanisa.

Askari walirudi, tena wakiwa wengi zaidi, na sidhani kwamba walilichagua jumba hili kwa bahati tu. Krismasi ya mwaka 1775 ilikuta mabenchi yameng'olewa, sakafu imefunikwa udongo, na farasi wa kikosi cha 17 wakifundishwa mbio mahali palipokuwa pa ibada, huku wakazi waliobaki mjini wakiishi katika mzingiro wa wapigania uhuru na kuni zikiwa adimu. Jeshi la Uingereza liliondoka tarehe 17 Machi 1776, lakini waumini hawakurejea humo mpaka mwaka 1783.

Katika msimu wa kuzaliwa Mtoto aliyekosa nafasi katika nyumba ya wageni, nafikiri pia juu ya mshairi Phillis Wheatley, aliyetekwa Afrika Magharibi na kuuzwa Boston mwaka 1761 akiwa mtoto wa miaka kama 7. Alibatizwa katika kanisa hilihili mwaka 1771, bado akiwa mtumwa, mwaka mmoja tu baada ya kuta zake kusikia madai ya uhuru dhidi ya majeshi ya mfalme. Waliodai uhuru humo hawakukosa watumwa majumbani mwao, na kila nikilisifu jumba hili, jambo hilo hunipunguzia sauti.

Jioni ya tarehe 24, nikielekea ibadani, nitapita mbele ya jumba hili na kuwataja ninyi mmoja mmoja. Nawatakia nyote Krismasi njema na heri ya mwaka mpya.