Kabla ya kujenga ukuta Kunduchi, tupime mchanga

Mhariri,

Kila maji ya bamvua, yale yanayojaa na kupwa kupita kawaida, yanapong'oa minazi pwani ya kaskazini ya Dar es Salaam, kuanzia Mbezi hadi Kunduchi, wito huwa ule ule: jengeni ukuta. Naomba nafasi nieleze kwa nini ukuta unaojengwa kwa pupa huokoa kiwanja na kuua ufukwe, na nini kifanyike kabla ya kumwaga zege.

Ufukwe ni mchanga ulio safarini. Chota gao la mchanga wa Kunduchi na kulitazama juani: punje zinazong'aa kama vioo zimeletwa na mito kutoka bara, na vipande vyeupe visivyong'aa ni mabaki ya matumbawe, makombe na mwani wenye chokaa. Mawimbi ya kusi, upepo utokao upande wa kusini, hufika upwani kwa mshazari. Maji hupanda na mchanga kwa mshazari, kisha hurudi moja kwa moja kwenye mteremko, hivyo kila wimbi huisogeza punje hatua moja kuelekea kaskazini. Kaskazi, upepo utokao kaskazini, ikivuma kuanzia Novemba hadi Machi, sehemu ya mchanga huo hurudi kusini, lakini kusi huvuma miezi mingi zaidi na kwa nguvu zaidi. Kwa hiyo ufukwe unaoonekana mwembamba Agosti huenda haujapoteza kitu. Mchanga wake umehamia kwa jirani. Anayeutazama mara moja na kutoa hukumu hukosea.

Hasara ya kweli huanza pale mchanga unaoondoka unapokosa mbadala. Mito ya Mbezi na Tegeta ndiyo ghala la ufukwe huu, na kwa miaka mingi mchanga wake umekuwa ukichimbwa kwa ajili ya ujenzi. Kila lori linalojazwa mtoni ni mchanga ambao mvua za masika zingeufikisha baharini. Nalisema hili wazi kwa sababu mjadala wetu huilaumu bahari peke yake.

Sasa ukuta. Wimbi likipanda ufukwe wenye mteremko mpole hupoteza nguvu njiani, na sehemu ya maji hunywewa na mchanga. Likigonga ukuta uliosimama wima, nguvu hairudi nyuma tu, bali hushuka pia na kuchimba mchanga wa miguuni. Ufukwe ulio mbele hushuka, maji yanakuwa na kina zaidi, na wimbi linalofuata hufika likiwa kubwa kuliko la kwanza. Wakati huohuo maji ya mvua na yale yaliyoruka juu ya ukuta hukusanyika nyuma yake. Pasipo matundu ya kuyatoa, huusukuma ukuta kuelekea baharini. Na matundu yakiwekwa bila kitambaa cha chujio na kokoto nyuma yake, maji hutoka pamoja na mchanga, ardhi ya nyuma inabaki na shimo, na siku moja sakafu ya uani hudidimia kabla hata ukuta haujapasuka. Kwenye ncha za ukuta mawimbi huzunguka na kukata kiwanja cha jirani. Jirani naye hujenga wake, na ugonjwa unasogea.

Kuta fupi za mawe zinazoingia baharini zina tabia nyingine. Hunasa mchanga upande wa kusini, na mwenye kiwanja hicho hufurahi. Upande wa kaskazini huliwa.

Jambo ninaloliomba ni vipimo, na havihitaji mtambo. Chukua fito mbili zilizonyooka za mita 1.5, zichorwe alama kila sentimita 1 kutoka juu kwenda chini, na kamba isiyonyumbulika ya mita 2. Pigilia kipande cha ubao chini ya kila fito ili isizame kwenye mchanga wenye maji. Kosa hili dogo huharibu vipimo vyote. Anza kwenye alama isiyohama, kama kona ya jengo au nguzo ya zege, si mnazi. Mmoja asimame hapo na fito ya kwanza, mwenzake ateremke hadi kamba ikaze. Aliye juu ashushe jicho mpaka ncha ya fito ya chini ilingane na upeo wa macho, bahari inapokutana na mbingu, kisha asome mstari huo umeikata fito yake sentimita ngapi kutoka juu. Ufukwe umeshuka kiasi hicho katika mita 2. Fito ya juu ihamie ilipokuwa ya chini, na kazi iendelee hadi majini. Pale kisiwa cha Mbudya kinapoziba upeo, tumieni mpira wa maji ambao mafundi hupimia usawa wa msingi.

Pimeni siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, kwani tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3, ilhali siku za maji mafu hukaribia mita 1 tu. Dar es Salaam maji ya bamvua hukupwa kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi, saa nzuri ya kazi. Rudieni kila mwezi kwenye mstari uleule, na mlinganishe Agosti na Agosti, Januari na Januari. Ufukwe wa upana wa mita 20 na urefu wa mita 100 ukishuka sentimita 10, umepoteza mita za ujazo 200, yaani zaidi ya tani 300. Hakuna jicho linaloweza kukadiria hivyo kwa kutembea tu.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Naomba halmashauri zetu, kabla ya kupokea ombi lolote la ukuta, zidai daftari la vipimo vya miezi 12 la kiwanja husika na viwanja viwili vya jirani, kimoja kila upande.

Kwa ambao ukuta umeshasimama: mteremke kuutazama maji yakiwa yamekupwa kabisa. Mkiona chini ya msingi mwanya unaopitisha mkono, msiuzibe kwa zege jembamba, maana litamegwa bamvua lijalo. Tandazeni kitambaa cha chujio, kisha pangeni mawe makubwa kwa mteremko, kila mita 1 ya kimo ipewe angalau mita 2 za kulala, na mawe ya chini kabisa yazikwe ndani ya mchanga, si kuwekwa juu yake.

Mpimaji wa fukwe,
Kunduchi, Dar es Salaam