Hata Nikikuomba, Usinipe

Ndugu yangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila usingizi umenigomea na mikono imekosa kazi, ndiyo maana unaona nimekuandikia kirefu hivi. Nimeacha sigara. Usicheke kwanza. Ni leo tu, na leo yenyewe haijaisha, lakini tangu nilipoamka sijaweka hata moja mdomoni.

Hakuna daktari aliyenitisha. Nilianza tu kuona kwamba sigara za mchana kutwa nazivuta bila hata kuzisikia. Yenye utamu ilikuwa ile ya asubuhi, na utamu wake ulitokana na kukaa usiku kucha bila kuvuta. Nikotini hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde chache, na baada ya saa mbili hivi nusu yake imekwisha kutoka kwenye damu. Hapo mwili unaanza kudai. Kwa hiyo ile raha tuliyokuwa tukiisifu, sehemu kubwa ni kulipa deni lililoachwa na sigara iliyotangulia! Hilo lilinikera kuliko picha zote za mapafu yaliyooza kwenye pakiti. Picha tulikwisha kuzizoea, na unajua tulivyokuwa tukizitania.

Jana usiku nikakusanya viberiti, kisahani cha majivu na ile moja ya akiba iliyokuwa kwenye koti, nikatupa vyote. Pakiti iliyobaki niliilowesha maji kwanza, maana najijua, ningeifuata hukohuko kwenye taka.

Leo mkono umekwenda mfukoni wenyewe sijui mara ngapi. Simu ikiita, mkono mfukoni. Nikimaliza kula, mkono mfukoni. Kahawa ndiyo ilikuwa mbaya kuliko vyote, na nimeamua kuipunguza kwa sababu nyingine pia: moshi wa tumbaku hulifanya ini limalize kafeini upesi, kwa hiyo mtu akiacha kuvuta, kikombe kilekile humkaa mwilini muda mrefu zaidi. Sitaki kuanza kutetemeka halafu nikasingizia arosto.

Arosto yenyewe imenishangaza kwa ufupi wake. Ikikushika unaona kabisa kwamba haitoki mpaka uvute. Nikatazama saa: dakika chache tu, imelegea. Inarudi, ndiyo, tena kwa hasira, lakini inalegea tena. Nikawa nainuka, nakunywa maji, napiga mswaki, natoka nje navuta pumzi ndefu na kuishusha polepole. Siku hizi nashuku kwamba utulivu mwingi tuliokuwa tukiusifia sigara ulikuwa wa huku kutoka nje na kupumua tu.

Kazini niliwaambia mapema kwamba leo mimi siongeleki, wakaniacha. Kichwa kiliuma kuanzia mchana, njaa haiishi, na akili haikai kwenye jambo moja. Inasemekana kaboni monoksaidi, ile hewa inayokalia nafasi ya oksijeni kwenye damu, hushuka hadi kiwango cha kawaida ndani ya siku moja hivi. Labda imeshuka. Mimi nilichohisi ni hasira tu.

Siku mbili tatu za mwanzo ndizo kali zaidi, kwa hiyo kesho sitegemei nafuu. Nitamwona mfamasia nimuulize kuhusu chingamu na bandiko la nikotini. Najua wapo wanaoona hiyo ni kudanganya. Mimi sioni hivyo. Nikotini ndiyo inayomfunga mtu, lakini kinachoharibu mapafu na kuleta saratani hasa ni moshi, na mimi nataka kuachana na moshi kwanza. Sifa za ushujaa wapewe wengine.

Sasa nije kwenye ombi langu. Jumamosi tunaonana. Wewe endelea na zako, sikuhubirii, na ukitaka kuvuta sogea pembeni kidogo. Tusikae palepale tulipozoea. Na nikikuomba pafu moja, usinipe. Hata nikisema ni moja tu, hata nikinuna, hata nikikukumbusha zile zote nilizowahi kukupa. Najua unavyopata taabu kuninyima kitu, kwa hiyo ukiona hutaweza, niambie kabla ya Ijumaa tuahirishe hadi wiki inayofuata.

Wasalimie nyumbani.

Ni mimi, mwenzio.