Tangi peke yake halitoi dawa ya nyoka

Mhariri,

Nimesoma makala yenu kuhusu vipande vya kingamwili (protini za kinga zinazokamata sumu) vinavyotengenezwa na bakteria, ambavyo watafiti wanatarajia vitatibu walioumwa na nyoka. Makala ni nzuri, ila kuna mahali inasema bakteria akishapandikizwa jeni, dawa inatoka yenyewe. Mimi nimelea matangi, kwanza ya bia, kisha ya E. coli, bakteria wa utumboni, maabarani. Haitoki yenyewe.

Kupandikiza jeni siku hizi ndiyo sehemu nyepesi. Kumkuza bakteria nako si shida: mpe joto la nyuzi 37 na chakula cha kutosha, atajigawa kila dakika 20 hivi. Kasheshe ni kwamba kipande cha kingamwili lazima kikunjwe sawasawa, na kinashikiliwa na vifungo vya salfa ambavyo ndani kabisa ya bakteria havifungiki vizuri. Inabidi kisukumwe nje kidogo, kwenye nafasi nyembamba iliyo kati ya utando wa ndani na ule wa nje. Njia ya kupitia hapo ni finyu. Ukimkimbiza bakteria, protini zinasongamana, zinagandana mabonge, na bonge halikamati sumu yoyote.

Kwa hiyo kazi ya mtu wa tangi ni kumpunguza kasi. Unamkuza kwa nyuzi 37 mpaka tangi liwe zito, halafu unashusha hadi 30, pengine 25, ndipo unatia kemikali ya kuwasha jeni. Glukosi nayo haimwagwi tu. Ikizidi, bakteria hutoa asidi ya asetiki, na asidi hiyo hiyo inawadumaza. Mimi nilikuwa sibanduki kwenye kipimo cha oksijeni. Wakiwa wanakula, oksijeni iko chini na mota ya kukorogea inanguruma. Glukosi ikiisha, kipimo kinaruka juu ghafla, maana hawana tena cha kuchoma. Hapo ndipo unaanza kudondosha sukari, tone kwa tone, ukiongeza kadiri wanavyoongezeka. Umeme ukikatika tangi likiwa limejaa namna hiyo, oksijeni inakwisha kwa sekunde, si dakika. Kwenye bia ungeweza kwenda kunywa chai kwanza.

Sisemi haiwezekani. Ranibizumab, dawa ya macho iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2006, ni kipande cha kingamwili kinachotengenezwa na E. coli. Certolizumab, dawa ya ugonjwa wa utumbo iliyoidhinishwa huko huko 2008, ni hivyo hivyo. Tena vipande vidogo kuliko vyote asili yake ni kingamwili za ngamia, ambazo watafiti wa Brussels walizitangaza mwaka 1993. Ngamia! Wajir na Marsabit wamejaa tele, lakini hiyo ni barua nyingine. Vipande hivyo hukunjika kirahisi zaidi, ndiyo maana bakteria anaviweza, na havina mzigo wa protini za farasi zilizomo kwenye dawa za nyoka za kawaida, ambazo mwili wa mgonjwa wakati mwingine huzikataa vibaya. Kasoro yao ni kwamba figo huvichuja upesi, wakati sumu za baadhi ya nyoka huendelea kuingia kwenye damu kidogo kidogo kutoka pale palipoumwa. Na E. coli ana sumu yake mwenyewe kwenye utando wa nje, inayoleta homa kali, kwa hiyo kusafisha baada ya tangi ni kazi ya pili, na ya gharama.

Makala yenu inamalizia kwa kuiomba serikali ijenge kiwanda. Naunga mkono, kwa sharti moja: fedha za kupima joto, sukari na hewa, kundi baada ya kundi, kwenye matangi ya lita chache, zitengwe kabla ya fedha za jengo. Watu wa kuanzia wapo. Nenda viwanda vya bia Mwanza, Arusha au Mbeya uone wanaojua kuosha bomba mpaka asibaki mdudu. Harufu ya E. coli watailalamikia wiki ya kwanza, ni ya chooni kabisa, kisha watazoea.

Mwandishi wenu akirudi kwenye habari hii, naomba awaulize wahusika: nani atakaa na tangi saa nane za usiku, na jenereta linachukua sekunde ngapi kuwaka?

Msomaji wenu,
Tabata, Dar es Salaam