Tuchague miwaridi yenye afya kabla ya kuchagua dawa

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wenu wa barua nizungumzie afya ya miwaridi ya bustanini. Makala nyingi zinazoandikwa kuhusu mmea huu huanzia pale ambapo umekwisha kuugua: majani yana madoa, yamegeuka manjano na yameanza kupukutika, na msomaji anashauriwa anunue dawa ya kupulizia kila baada ya wiki moja au mbili. Ushauri huo si wa uongo, ila umechelewa. Sehemu kubwa ya afya ya mwaridi huamuliwa siku ile mtu anapochagua aina ya kupanda na mahali pa kuipanda, na hayo mawili ndiyo ningependa kurasa za bustani ziyape uzito.

Husemwa sana kwamba mwaridi ni mmea wa kudekezwa. Kauli hiyo inaionea miwaridi ya mwituni, ambayo mingi hustawi bila ya mtu kuishughulikia. Rosa rugosa, kwa mfano, wenye majani mazito yaliyokunjamana, huota pwani kwenye mchanga na upepo wa chumvi, na ni nadra kupatwa na ugonjwa wa kuvu uitwao madoa meusi. Udhaifu uliongezwa na mkono wa binadamu. Tangu Jean-Baptiste Guillot wa Ufaransa atoe ‘La France’ mwaka 1867, mwaridi unaohesabiwa kuwa wa kwanza katika kundi la haibridi-tii, yaani miwaridi chotara yenye maua makubwa juu ya vikonyo virefu, wazalishaji wengi waliweka mbele umbo la ua, urefu wa kikonyo chake na rangi yake, na majani hayakupata mtetezi. Mwaka 1900 Mfaransa mwingine, Joseph Pernet-Ducher, alitoa ‘Soleil d’Or’, aliyoipata kwa kutumia ukoo wa Rosa foetida, mwaridi wa mwituni wenye maua ya njano, ili aingize rangi kali ya njano katika mawaridi ya bustani. Rangi ilipatikana, lakini ukoo huo ulikuja pia na wepesi wa kushambuliwa na madoa meusi, na vizazi vilivyofuata vilirithi yote mawili.

Kwa bahati njema, siku hizi wako wazalishaji wanaoanza na jani. Nchini Ujerumani yapo majaribio ya kitaifa ya miwaridi mipya, yajulikanayo kwa kifupi kama ADR, ambapo aina mpya hupandwa katika maeneo mbalimbali ya nchi na kufuatiliwa kwa miaka kadhaa. Tangu mwaka 1997 hazipuliziwi dawa yoyote katika muda huo, na aina iliyofaulu na kupewa alama ya ADR inaweza kunyang’anywa ikionekana imeanza kudhoofika. Marekani nayo ilipata ‘Knock Out’ ya William Radler, iliyoingia sokoni mwaka 2000 na kuenea upesi kwa sababu ya kustahimili madoa meusi. Kwa maoni yangu ua lake ni la kawaida na halina harufu ya kutajika, lakini kichaka chenye majani ya kijani hadi chini kinapendeza kuliko ua la kifahari lililosimama juu ya vijiti vitupu.

Hata hivyo, ustahimilivu wa ugonjwa mmoja si ustahimilivu wa yote. ‘Knock Out’ hiyohiyo hushambuliwa vibaya na virusi vinavyoenezwa na utitiri mdogo usioonekana kwa macho, ambavyo hufanya matawi yasongamane, yawe mekundu na kujaa miiba kupita kiasi. Isitoshe, kuvu ya madoa meusi ina makundi mbalimbali, hivyo aina iliyo safi mahali pamoja inaweza kuumwa kwingine. Kwa hiyo maelezo yaliyoandikwa kwenye kibandiko cha mmea hayatoshi. Mnunuzi atembelee bustani za jirani mwishoni mwa kipindi cha mvua, wakati magonjwa yamekwisha kufanya kazi yake, aulize ni miwaridi gani haikupuliziwa dawa, kisha aangalie ipi bado ina majani.

Akifika kitaluni, aliache ua kwanza. Ua hueleza rangi tu. Majani ya chini ndiyo yanayosema mmea umeishije. Alishike jani la chini na kuligeuza. Madoa meusi yenye kingo zilizochanikachanika, huku sehemu inayoyazunguka ikigeuka manjano, ni kazi ya kuvu iitwayo Diplocarpon rosae. Unga mweupe uliotanda kwenye majani machanga na vitumba ni ubwiri unga. Na chembe za rangi ya machungwa upande wa chini wa jani ni kutu. Kisha ashuke hadi shingoni, pale ambapo shina hukutana na mizizi. Miwaridi mingi inayouzwa imebebeshwa, yaani jicho la aina inayotakiwa limepachikwa kwenye shina la mwaridi mwingine wenye mizizi imara, kama vile Rosa canina au Rosa multiflora, na kiungo hicho kinapaswa kiwe kigumu, kisicho na ufa wala jeraha lililooza. Uvimbe wenye ngozi iliyoparara kwenye shingo au mizizi huashiria bakteria wa Agrobacterium, ambao hawana tiba na hubaki udongoni kwa muda mrefu. Mmea wa namna hiyo usipokelewe hata ukitolewa bure. Mwisho, amwombe muuzaji autoe mmea kwenye chombo chake kwa uangalifu. Mizizi mipya iwe myeupe na hai, si ile iliyojizungushazungusha humo ndani au iliyogeuka kahawia na kulainika.

Kile kiungo cha kubebeshea kina jambo lake la baadaye. Chipukizi linalotoka chini yake ni la ule mwaridi uliobeba, nalo likiachwa huweza kuishinda aina iliyonunuliwa. Ling’olewe pale lilipoanzia, kwa sababu likikatwa juu juu hurudi. Miwaridi iliyooteshwa kwa vipandikizi vyake yenyewe haina usumbufu huo, ingawa baadhi ya aina huchelewa kushika nguvu zikikosa mizizi ya kuazima.

Kuhusu mahali pa kupanda, ipo tarakimu moja inayoeleza karibu nusu ya utunzaji wa mwaridi: kuvu ya madoa meusi huhitaji jani libaki limelowa kwa takriban saa 7 mfululizo ndipo ipenye. Ndiyo maana jua la asubuhi, linalokausha umande mapema, lina faida kuliko la alasiri, japokuwa mmea unahitaji jumla ya saa 6 hivi za jua kwa siku. Ndiyo maana pia vichaka huachiwa nafasi ili upepo upite katikati, matawi yanayokingamana hupogolewa, na maji humwagwa shinani wala si juu ya majani. Anayemwagilia kwa kunyunyiza jioni huipa kuvu usiku mzima. Vijimbegu vyake huruka pamoja na matone ya maji, hivyo majani yaliyoanguka yaokotwe, na matandazo yenye unene wa sentimita 5 hadi 8 yawekwe bila kuligusa shina. Ubwiri unga una tabia nyingine: hauhitaji jani lililolowa, hupenda siku kavu zinazofuatwa na usiku wa baridi wenye unyevu hewani, na huwaandama zaidi wale waliopanda kwenye kona zisizopitisha hewa au wanaoacha mizizi ikauke.

Udongo usituamishe maji, uwe na mboji ya kutosha, na pH yake, yaani kipimo cha uchachu, ikiwa kati ya 6 na 6.8 mmea utapata chakula chake bila shida. Mbolea ya naitrojeni isizidi, kwani majani laini yanayochipuka kwa wingi ndiyo yanayopendwa na vidukari, wadudu wadogo wanaofyonza utomvu.

Sipingi dawa. Ninachopinga ni kuzifanya mwanzo wa habari. Viuakuvu vingi hukinga jani ambalo bado ni safi na havifuti doa lililokwisha kuingia, na salfa, ambayo wengi huiona kuwa salama, huweza kuunguza majani ikipuliziwa wakati joto limezidi nyuzi 30 za Selsiasi. Rosa rugosa yenyewe, usiohitaji dawa, ni miongoni mwa miwaridi ambayo majani yake huharibika kwa urahisi yakipuliziwa.

Kwa hiyo, Mhariri, naomba kila mnapochapisha picha ya mwaridi katika kurasa za bustani, pamoja na jina la aina na rangi yake, mweleze iwapo mmea huo ulipuliziwa dawa msimu huo, na picha ionyeshe kichaka kizima hadi chini badala ya ua peke yake.

Wenu,
Msomaji na mpenzi wa bustani