Magofu yetu yasipigwe lipu ya saruji

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Mimi ni fundi mwashi mstaafu wa Tanga, na kwa sasa niko Uingereza kwa binti yangu. Jumapili iliyopita mkwe wangu alitupeleka Nunney, kijiji cha Somerset, kuona gofu la ngome ya kale. Wenzangu walipiga picha mabata. Mimi nilikuwa na kuta.

Ngome yenyewe ni ndogo, iko katikati ya kijiji, kanisa ng'ambo ya barabara. Aliijenga Sir John de la Mare, aliyepewa kibali na Mfalme Edward wa Tatu mwaka 1373. Ni jengo moja refu la mawe ya chokaa, mnara wa duara kila pembe, na handaki la maji pande zote unalolivuka kwa kidaraja. Kiingilio hakuna, wala mlinzi wa kukuuliza unatoka wapi. Ndani, ukiinua macho unaona mbingu. Boriti zilikwisha zamani, kwa hiyo meko ya kuotea moto yamebaki ukutani huko juu bila sakafu mbele yake. Mjukuu wangu akaniuliza, "Babu, walikuwa wanapandaje kuota moto?" Nikamwonyesha mahali boriti zilipokuwa zimeshikilia sakafu, akaelewa upesi kuliko baba yake.

Kilichoniweka pale muda mrefu ni upande wa kaskazini. Mwaka 1645, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe kati ya mfalme na Bunge, jeshi la Bunge liliipiga ngome hii mizinga, na waliokuwamo wakasalimu amri. Ukuta ulitoboka lakini haukuanguka. Ulisimama na tundu lake miaka 265, ukaja kuporomoka siku ya Krismasi ya mwaka 1910. Nimejenga kuta za matofali ya saruji tangu ujana wangu, na sijui hata mmoja utakaovumilia hivyo.

Wenyewe hawakuujenga upya. Pengo liko wazi mpaka leo, nyasi zimekatwa, na kuta zilizobaki zimeshikizwa zisidondoke. Nilipitisha kidole kwenye maungio mahali mkono ulipofika: chokaa na mchanga, laini, ikaniachia unga mweupe kidoleni.

Hapo ndipo nilipokumbuka kwetu. Makaburi ya nguzo na msikiti wa Tongoni, kusini mwa mji wa Tanga, ni mawe ya matumbawe na chokaa. Ukuta wa namna hiyo hunywa maji ya mvua, kisha hukauka kwa kuyatoa taratibu kupitia chokaa. Ukiupiga lipu ya saruji umeuziba pumzi: unyevu hubaki ndani pamoja na chumvi ya bahari, jiwe linaoza nyuma ya lipu inayong'aa, na siku lipu inapobanduka hubanduka na jiwe lake. Mtaani kwetu iko nyumba ya zamani iliyofanyiwa hivyo na mkandarasi, ikapakwa na rangi ya mafuta juu. Ilipendeza. Sasa sehemu ya chini ya ukuta ukiigonga inalia tupu.

Ombi langu kwa halmashauri, kamati za misikiti na familia zenye nyumba za kale ni dogo: kabla ya kumpa mtu kazi, muulizeni atatumia nini. Akisema saruji, mwacheni aende. Sharti hilo liandikwe kwenye mkataba, si kuambiana kwa mdomo. Na gofu likiwa halina paa, si lazima liwekewe bati. Lishikizwe tu, miti inayoota ukutani ing'olewe ikiwa bado michanga.

Mafundi waliojifunza kuchoma matumbawe na kuirowesha chokaa wiki kadhaa kabla ya kuitumia bado wapo pwani, ingawa wengi ni wazee. Nikirudi Tanga niko tayari kuwafundisha vijana bila malipo. Waje na miko yao.

Fundi mwashi mstaafu,
Tanga