Tukimuenzi mwimbaji, tuwalete na wapigaji

Mhariri,

Naomba nafasi niseme neno juu ya hizi hafla za kumuenzi mwimbaji fulani, ambazo siku hizi zimekuwa nyingi hapa pwani. Unaalikwa, unakaa kwenye kiti cha plastiki, unaliona bango lenye picha ya marehemu, halafu jukwaani anapanda kijana mmoja na kinanda cha umeme. Fidla zimo ndani ya kinanda, udi umo humo humo, na dumbaki inapigwa na mashine isiyojua kuchoka. Mwimbaji anashika maikrofoni, anaimba nyimbo tatu, kisha zinaanza hotuba. Hotuba ndizo ndefu.

Kilichonichokoza ni video aliyonitumia mpwa wangu aliye Uingereza. Ni tamasha la bendi kubwa ya jazi, la kumkumbuka Ella Fitzgerald, mwimbaji Mmarekani mweusi aliyefariki mwaka 1996. Tuliitazama barazani baada ya alasiri, simu imeegemezwa kwenye dele la kahawa. Wenzangu walitaraji kumwona mwanamke anaimba. Kwanza wakaona jukwaa limejaa watu: saksofoni tano mbele, nyuma yake tromboni nne, nyuma zaidi tarumbeta nne, na pembeni piano, gitaa, besi na ngoma. Mzee mmoja akauliza, "Hawa wote wa mtu mmoya?" Naam, nikamwambia, na mwenyewe hayupo.

Mimi nimepiga fidla kwenye harusi za Lamu tangu ujanani hadi vidole viliponigomea, kwa hiyo macho yangu hayakwenda kwa mwimbaji. Yalikwenda kwa wale wa tromboni. Muda mwingi hawapigi. Wamekaa, chombo mapajani, wanahesabu kimoyomoyo. Mara wanapuliza kipande kifupi cha kumjibu mwimbaji, wote wanne kwa pumzi moja, kisha kimya tena. Mtunza hazina wa kamati yoyote ya hapa angesema hao wanalipwa bure, wapunguzwe abaki mmoja. Lakini wimbo ulipofika pale panapopanda, sauti ile ilitoka kama wimbi la kusi, na wazee wangu wa barazani wakaacha kahawa ikapoa.

Na huyo Ella mwenyewe alilelewa na bendi. Mwaka 1934 aliingia kwenye shindano la chipukizi katika ukumbi wa Apollo, mtaa wa Harlem mjini New York, akiwa amekusudia kucheza dansi. Alipofika jukwaani akabadili nia, akaimba, akashinda. Mwaka uliofuata akaingia katika bendi ya Chick Webb, mpiga ngoma aliyekuwa na kibiongo kwa maradhi ya utotoni, bendi iliyotesa katika ukumbi wa Savoy, ambako bendi mbili zilishindanishwa usiku mmoja na wacheza dansi ndio wakawa mahakimu. Huko ndiko alikojifunza kazi. Wimbo uliompa jina, wa mwaka 1938, ulitokana na mchezo wa watoto, akaimba na bendi nzima nyuma yake. Webb alipofariki mwaka 1939, bendi ikawekwa chini ya Ella, binti wa miaka 22.

Kuna kisa chake kimoja ambacho kila mpigaji taarabu atakielewa. Mwaka 1960, mjini Berlin, Ella alisahau maneno ya wimbo katikati ya onyesho. Hakusimama. Alitunga mengine papo hapo, huku akijicheka mwenyewe ndani ya wimbo, na wapigaji wanne waliokuwa nyuma yake wakamfuata hadi mwisho. Sahani ya usiku ule ilimpa tuzo ya Grammy.

Kwetu mambo haya hutokea kila harusi. Mwimbaji akifika kwenye ubeti unaochoma, akina mama huinuka kutuza. Huyu anamchomekea noti, yule naye anakuja taratibu kwa maringo, na hapo mwimbaji hukariri mstari uleule mara tatu, mara nne, mpaka wa mwisho amerudi kitini. Wapigaji wanamtazama mdomo. Tari inapunguza, fidla inazunguka palepale, hakuna aliyeambiwa. Mashine haina macho. Nimeshuhudia mwimbaji anatuzwa huku kinanda kimeshakwenda ubeti wa mbele, naye anakikimbilia kama aliyeachwa na chombo gatini.

Wapo watakaosema hayo ya tarumbeta ni ya Wamarekani. Kwani Mkomani na Langoni, mitaa yetu miwili ya Lamu, hawakushindana kwa beni enzi za babu zetu, tarumbeta na ngoma mitaani? Na Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarabu wa Unguja, alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, hakwenda peke yake, alikwenda na wapigaji wake. Unguja wana kundi la taarabu la Ikhwani Safaa tangu 1905, na bado lipo. Hapa kwetu kundi linazaliwa kwa harusi moja na kufa kwa harusi hiyo hiyo.

Sasa rai yangu, na naielekeza kwa wanaoandaa Tamasha la Utamaduni la Lamu. Mashindano ya majahazi yaendelee, punda wakimbie, bao lichezwe. Lakini usiku mmoja, uwanjani mbele ya Ngome, tuwekeeni taarabu kamili ya kumkumbuka marehemu Zein l'Abdin, mzaliwa wa mji huu, mtu ambaye udi wake ulitambulika kabla hajafungua kinywa. Udi uwepo, fidla zisipungue tatu, kodiani, tashkota ile ya nyuzi na vitufe, dumbaki, tari, na waitikiaji. Ganuni, ile ala ya nyuzi nyingi, ikipatikana, heri. Wapewe muda wa kufanya mazoezi na walipwe wote, hata yule wa tari.

Najua nitaambiwa pesa hazipo. Nazitazama fulana zilizochapwa picha, mahema ya wageni wa heshima, na wale wageni wenyewe wanaoondoka baada ya hotuba yao, nami nanyamaza.

Na nota ziandikwe. Wale wa bendi ya jazi kila mmoja alikuwa na karatasi yake mbele, na wengi wao kwa umri nilivyowaona walikuwa watoto Ella alipokufa. Vijana waliojifunza nota kule chuo cha muziki cha Dhow Countries Music Academy, Unguja, wapo, waitwe wakae na wazee waliobaki wawaandikie fidla ilikuwa ikiingia wapi na kutoka wapi. Kanda za kaseti zimeota ukungu.

Yule kijana wa kinanda simlaumu. Anaitwa peke yake, anakuja peke yake, na mkono wake mwepesi. Kodiani ina vitufe kama hivyo hivyo na nafasi yake iko wazi.

Fidla yangu imebaki na nyuzi tatu. Ya nne nitaagiza Mombasa nikishapewa tarehe.

Mpiga fidla mstaafu,
Langoni, Lamu